Mpira Usiovuja

Fundi alipitisha kidole kwenye mpira wa petroli, kikatoka cheusi tii. Akakinusa. Ilikuwa dawa ya viatu.

"Nilikwambia ubadilishe mipira yote," alimwambia mdogo wake, mwenye gari. "Ukaniapia umebadilisha."

"Dada, huo hauvuji. Ufa wenyewe hauonekani, utaziba nini?"

Lilikuwa gari la mbio la milango miwili, kuukuu, lakini linang'aa kama limetoka dukani leo. Kung'arisha alikujua huyo. Mama yao alikwisha kukaa ndani, mkoba mapajani, akisubiri safari.

Fundi aliukunja mpira. Weusi ukabanduka, nyufa zikafunguka kama za kisigino kikavu. Injini ikishapata moto, petroli ingeidondokea papo hapo.

"Nyufa hizi hapa," alisema. "Ungemchoma mama kwa dawa ya viatu."

"Usikuze mambo. Tukirudi nitabadilisha."

"Mama, shuka."

Mama alishuka bila kuuliza. Fundi akachomoa kisu, akaukata mpira katikati. Petroli ikachuruzika mpaka kwenye viatu vya mdogo wake, navyo vilikuwa vimeng'arishwa vizuri.

"Haya," alisema. "Sasa unavuja."