Miguu ya Nyuma ya Simba

Tangu asubuhi Eisaku alikuwa akiwatambua watu kwa miguu yao, maana chini ya kitambaa cha simba hakuona kitu kingine. Vidole vilivyopinda vilikuwa vya Bi Otsune, muuza samaki. Kandambili zilizofungwa kwa waya zilikuwa za yule bahili mwenye shamba la machenza. Miaka kumi na moja imepita na bado hajanunua nyingine.

Miguu iliyokuwa karibu naye zaidi ni ya mwenzake aliyebeba kichwa cha simba, nayo ilikuwa imefungwa vitambaa vyeupe mpaka magotini. Hiyo hakuitazama sana. Ya Yasuji aliijua tangu utoto.

Simba wa sikukuu ya vuli huchezwa na watu wawili. Wa mbele hubeba kichwa cha mbao na kugonganisha meno yake. Wa nyuma huinama kama mtu anayetafuta sindano, na kuwa miguu na mkia. Mwenye kichwa hasemi neno tangu simba atoke hekaluni mpaka arudi. Eisaku, aliyekuwa na fedheha iliyomfika kooni, alilipenda sana sharti hilo. Hakuna wa kumuuliza, hakuna wa kumtazama usoni.

Alikuwa amemwandikia Yasuji, aliyezoea kubeba kichwa enzi zile yeye Eisaku akiwa mkia: nakuja sikukuu, nipe nafasi yangu ya zamani, usimwambie mtu kisiwani. Yasuji alijibu kwa mstari mmoja. Pitia nyuma ya ghala la hekalu, kichwa kitakuwa tayari. Na kweli, alimkuta simba amesimama kwenye giza la ghala. Akajipenyeza chini ya kitambaa, ngoma ikaanza.

Wakazunguka nyumba kwa nyumba. Simba aliwauma watu utosini kuwaondolea mikosi ya mwaka, na kina mama waliwainua watoto wao waumwe. Kila mlangoni kikombe cha pombe ya mchele kilipitishwa chini ya taya, na kila kikombe kilirudishwa nyuma kikiwa kimejaa, kikaishia kwa Eisaku. Alimhurumia rafiki yake. Yasuji wa zamani hakukataa kikombe hata akiwa na homa. Bila shaka ni tumbo, umri umekwenda.

"Mwaka huu simba kapata miguu ya nyuma," Bi Otsune alisema. "Tena imenona."

Watu wakacheka. Bahili wa machenza akasema ni afadhali, kuliko ule mwaka simba alipoburuta kitambaa chini mpaka watoto wakakikanyaga.

Eisaku akainama zaidi. Ule mwaka, asubuhi ya sikukuu, alimuaga mkewe Sumie kwamba anawahi hekaluni kujiandaa. Akakata kona kwenda gatini, akapanda meli pamoja na msusi aliyekuwa akija kila mwezi kutoka bara. Mapenzi yenyewe hata mwaka hayakumaliza. Iliyodumu ni aibu, na ndiyo iliyomweka mbali miaka yote iliyobaki.

Sasa mawe ya njia yakawa mawe anayoyajua. Lile la tatu lilikuwa na ufa. Ni yeye aliyelipasua kwa nyundo. Mlango wa nyumba yake ulikuwa wazi, na kizingitini palikuwa na sinia: matunda ya kaki yaliyokatwa, viazi vitamu vya kuchemsha, na kikombe kilichojazwa. Kila nyumba watu walisimama nje kumngoja simba. Hapa hapakuwa na mguu hata mmoja, wala ndara za Sumie hazikuwepo.

Simba akacheza mbele ya mlango mtupu.

"Kajificha," Eisaku alinong'ona. "Kasikia nipo, kajificha. Ana haki yake."

Kichwa kikaendelea kucheza.

"Najua huwezi kunijibu, kaka, basi nisikilize tu. Mwambie sikuja kudai nyumba. Mwambie yule mwanamke si kitu, mimi ndiye niliyekuwa si kitu. Nilitaka nimwombe radhi uso kwa uso, lakini uso sina, ndiyo maana umeniona nakuja kuingia mkiani." Jasho lilimdondoka puani, au yalikuwa machozi, hakujali tena. "Kama hanitaki, asihangaike kuniambia. Meli ya saa kumi inanitosha."

Kwa mara ya kwanza siku ile kichwa kilikosea hatua. Yasuji kachoka, Eisaku akawaza, akajisikia vibaya kwa kumtwika mwenzake mzigo juu ya mzigo. Ngoma iliwasubiri, kisha wakaendelea.

Nyumba zilizobaki alizipita bila kumtambua mtu. Alikuwa akihesabu hatua tu: hekaluni, ghalani, mlango wa nyuma, gatini. Akifanya haraka hakuna atakayemwona.

Waliporudi hekaluni ngoma ilinyamaza, na upande ule ule ilikotoka ngoma, mtu akakohoa. Mkohozo huo Eisaku angeutambua popote duniani.

"Haya shemeji, tua sasa," Yasuji alisema, akiviweka vijiti vyake vya ngoma juu ya mbao. "Sharti limekwisha, unaruhusiwa kusema."

Miguu yenye vitambaa vyeupe ikageuka taratibu, vidole vikamwelekea Eisaku. Ilikuwa miguu ya Sumie. Chini ya kitambaa taya za mbao zilifunguka juu ya utosi wa Eisaku, zikamuuma, zikauma kweli. Na huko gatini meli ya saa kumi ilipiga honi mara ya kwanza, ikapiga mara ya pili, na meno hayakumwachia.