Bua Moja la Alizeti

Mama mkwe alipokuja kwetu Singida, alikaa siku nzima bila kuoga. Zamani mabua ya alizeti yalitosha kujengea ua wa bafu. Siku hizi kila mbegu imezimwa jeni inayoisikia homoni ya kurefuka, alizeti zinaishia magotini, na sheria inakataza uzio wowote unaozipita kwa urefu, usije ukaiziba kamera ya wakaguzi wa mashamba inayoruka juu. Sisi tumezoea.

Shambani lilijitokeza bua moja lililonifika kifuani. Kamera ikiliona, mavuno yote yanakataliwa. Nikachukua panga.

“Usilitupe, baba,” mama mkwe alisema akitazama chini, maana sisi wakwe hatutazamani usoni. “Lisimike pale uani.”

Mke wangu, Zaituni, akanong'ona, “Mama, bua moja litakusitiri nini?”

“Litakaposhindwa, mkwe wangu atanisitiri.”

Nikalisimika. Mama mkwe akaenda nyuma ya bua na ndoo ya maji, nami nikaugeukia ukuta wa nyumba, kama baba yangu alivyonifundisha. Nilisikia maji yakimwagika. Kisha nikasikia mvumo wa kamera ukitoka shambani, ukaja mpaka juu ya ua, ukatulia hapo.