Saa Mbili

Programu aliyoandika Tunu ilikuwa na kazi moja: kupokea majibu ya seva ya hospitali na kuyageuza kuwa mgonjwa kwenye skrini, mwenye jina, kitanda na saa ya sindano yake ya mwisho. Asubuhi hii ilianza kutumika wodini.

Kitanda cha saba kikawaka rangi nyekundu, kwenye skrini ya Tunu na ya manesi wa zamu mpya wodini. Bi Mashavu, sindano ya mwisho saa nane usiku. Saa sita zimepita, achomwe tena.

Nesi Mboni alikuwa anapita mlangoni mwa ofisi ya Tunu, mkoba begani, zamu yake ya usiku imekwisha.

"Shikamoo, mama. Bi Mashavu umemchoma saa ngapi?"

"Marahaba. Si nimeandika humo? Saa mbili. Sasa hivi tu, kabla sijakabidhi zamu."

Tunu alifungua jibu la seva. Palikuwa na tarakimu moja, 2. Mboni aliandika saa mbili ya asubuhi, kama isemavyo midomo ya watu. Programu ikaisoma saa nane ya usiku, kama zihesabuvyo kompyuta.

"Mama, ile dawa ikizidi?"

Mkoba ulimdondoka Mboni, akakimbilia wodini.

Kabla hajafika, mbele ya Tunu kitanda cha saba kiligeuka kijani, na chini yake pakaandikwa: Amechomwa.