Mkubwa Hakimbii

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na mbili ndege iruke, na Bwana Luhaga alikuwa amesimama mbele ya kioo cha duka la manukato, anarekebisha tai.

"Mzee, tukimbie," Getruda alimwomba. Getruda alikuwa mtaalamu wa samaki katika idara ya Bwana Luhaga kule Mwanza, na tangu washuke alikuwa ameshauliza watu watatu njia ya kwenda mlango namba sabini na moja. Wao walikuwa bado mlango namba nne. Uwanja wenyewe wa Ulaya ulikuwa mkubwa jamani, ungemeza Nyamagana yote, Butimba ikiwemo, na bado ikabaki sehemu ya kupanda viazi.

"Umeshawahi kumwona mkubwa anakimbia?" Luhaga alimuuliza kwa upole, kama anamfundisha mtoto kushika kijiko.

Akaanza kutembea. Alitembea vile anavyotembea siku za kufungua semina, tumbo mbele, mikono nyuma, akisubiri watu wampishe. Hawakumpisha. Wazungu walimpita mbio na mizigo yao, wake kwa waume, wengine wazee kuliko yeye, na Luhaga akawaonea huruma. Inaelekea hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na cheo.

Kesho yake saa tatu asubuhi, katika mji ulio mwendo wa saa moja kwa ndege kutoka hapo, yeye ndiye angefungua mkutano wa wanunuzi wa samaki. Miaka kumi na tisa safari za Ulaya zilikuwa zinachukuliwa na waliomzidi cheo, na mwakani anastaafu. Ndege nyingine ilikuwa ya kesho jioni. Hii ikimwacha, basi tena. Hotuba iliitwa "Samaki Wetu Hufika kwa Wakati." Getruda ndiye aliyeiandika, na ndiye aliyeibeba ndani ya mkoba wa Luhaga, maana mkubwa habebi mkoba pia.

Wasiwasi hakuwa nao. Mwanza, mwanzoni mwa safari hii, ndege ilimsubiri dakika arobaini, yeye yuko kwake Buhongwa anamalizia chai. Abiria walinung'unika mle ndani kwa joto. Rajabali, mwenye kiwanda cha minofu ya sangara, alikuwa amepakia humo humo maboksi yake meupe yenye picha ya samaki wa bluu, akampigia simu nyumbani kumweleza, kwa heshima zote, kwamba barafu inayeyuka. Luhaga akamjibu kwamba soko huria sawa, amelisikia, lakini tangu lini samaki akawa mbele ya mtu? Akaongeza kikombe cha pili.

Dar nako, ndege kubwa ya Ulaya iliyotakiwa iwe imeshaondoka waliikuta bado ipo. Getruda alishangaa. Luhaga hakushangaa hata kidogo.

Sasa vipaza sauti vikataja jina lake. Walilitamka vibaya, lakini lilikuwa lenyewe: Luhaga, mlango sabini na moja.

"Umesikia?" alisema. "Wananitangaza."

"Mzee, hiyo ni miito ya mwisho."

"Mgeni rasmi siku zote anaitwa mwishoni."

Akamwagiza atangulie akawaambie yuko njiani. Getruda hakungoja kuambiwa mara mbili. Alivua viatu, akavishika mkono mmoja na mkoba mkono wa pili, akachanja mbuga peku peku katikati ya Wazungu. Luhaga aliangalia pembeni kwa aibu. Akajisemea kwamba wakirudi Mwanza itabidi amwite ofisini waongee.

Jina likatajwa tena. Hapo akapunguza mwendo, maana mgeni rasmi akiingia haraka haraka watu hawapati muda wa kusimama.

Alipofika mlango sabini na moja, saa ya ukutani ilionyesha kwamba muda wa kuruka umepita kwa dakika kumi na moja. Na ndege ilikuwa pale pale nyuma ya kioo, imetulia, taa zinawaka. Bwana Luhaga alicheka peke yake. Kumbe hata Ulaya mkubwa ni mkubwa! Alifurahi kwa kweli, furaha ya mtu aliyengoja miaka kumi na tisa, na tayari alikuwa anaona jinsi atakavyowasimulia watu wa Buhongwa.

Mlangoni alikuwepo dada mmoja tu, anakusanya karatasi zake. Luhaga alimpa pasipoti na tiketi, na kwa Kiingereza chake cha ofisini akamshukuru kwa kumsubiri.

Dada aliangalia jina, akaangalia saa. Akamweleza kwa adabu kwamba mlango umefungwa zamani. Yule mwenzake mwenye viatu mkononi alikuwa wa mwisho kuingia, na ameshakaa kwenye kiti chake, mkoba umo mapajani. Sanduku la Bwana Luhaga limeshashushwa. Yeye mwenyewe atapewa nafasi kesho jioni.

"Lakini ndege si ile pale?" Luhaga alisema. "Kama si mimi, inamsubiri nani?"

Dada alinyoosha kidole chini, kwenye tumbo la ndege. Wapakizi wawili walikuwa wanakimbiza ndani maboksi meupe, yana picha ya samaki wa bluu.

"Wale wakilala hapa wataoza, bwana," alisema. "Wewe huozi."