Mgeni Mwenye Arosto

Mgeni alikuwa akitetemeka hata kikombe kikawa kinamgonga meno. Hanneke alimtupia jicho mara moja tu, akajua.

"Arosto," Hanneke alimnong'oneza Dirkje, aliyekuwa akikoroga sufuria. "Tena mbichi kabisa, mwili unadai unga. Mletee blanketi."

Walikuwa katika chumba kilicho chini ya duka la dobi, Rotterdam, mvua ikipiga kidirisha. Hapakuwa na daktari wala nesi. Wote waliofika humo walitumia unga, Hanneke akiwemo, na utaratibu waliupanga wenyewe: leta sindano kuukuu, chukua mpya, bure. Polisi walikuwa wameapa kwamba siku wakimkuta Hanneke anagawa, yeye atalala ndani na mlango utapigwa kufuli.

"Mara ya kwanza, kaka?"

"Ndiyo, dada."

"Na viatu vipya! Basi hujaanza kuuza vitu vyako. Una bahati wewe."

Dirkje aliangua kicheko. Mgeni hakucheka.

"Huogopi kufungwa?" aliuliza.

"Naogopa sana." Hanneke alimpa bakuli la supu ya njegere. "Lakini rafiki yangu Toos aliazima sindano ya mtu, akageuka manjano kama limau, tukamzika kabla ya Krismasi. Mimi nikifungwa nitatoka. Toos hatoki."

Msichana mjamzito akaingia, amelowa chapachapa. Alimwaga sindano zake kwenye kopo. Hanneke akampa mpya, kisha akavua kofia yake ya sufu na kumvisha.

"Kesho uje ule, mama kijacho. Sikuombi, nakuamuru."

"Haya, jenerali," msichana alisema, akaondoka akitabasamu.

Mgeni alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Supu ilikuwa imeanza kumpoea mikononi.

Haukupita muda, mlango ukasukumwa kwa kishindo. Polisi wakamiminika ndani, makoti yao yakichuruzika maji. Dirkje alipiga yowe. Hanneke hakukimbia. Alisimama mbele ya mgeni, akatandaza mikono.

"Anayegawa ni mimi! Nifungeni, na nikitoka nitagawa tena. Mkinifunga tena, nitagawa humo humo gerezani. Lakini huyu msimguse. Ni mgonjwa, hata kijiko kinamshinda."

Mkubwa wao alijipangusa maji usoni. Alitazama juu ya bega la Hanneke.

"Sajenti Wessel," alisema, "tumeloa huko nje tukingoja upige filimbi. Kulikoni? Umemwona akigawa, au hukumwona?"

Nyuma ya Hanneke, mgeni alisimama taratibu, blanketi likaanguka sakafuni.

"Nimeona watu wakinywa supu, afande."