Ombi Namba Thelathini na Moja

"Asante, ombi limepokelewa," kompyuta ikajibu.

Godana alisonya. Ombi lenyewe alikuwa ameliandika upuuzi makusudi: tembo sita wapelekwe Kipini kwa helikopta. Hata hilo limepokelewa! Alifungua orodha, akaitazama juu hadi chini. Tembo hawakuwemo. Hakukuwa na ombi lolote lililoingia kwa siku kumi na mbili.

"Mashine gani hii isiyojua kusema hapana?" alifoka.

Kabibi, karani wa redio, aliitazama sakafu. Alikuwa amelikumbatia daftari lake kifuani.

Mafuriko ya El Nino yalikuwa yameikata Garsen pande zote. Vijiji vilivyokwama viliita kituo cha misaada kwa redio, Kabibi akaandika kila ombi daftarini kwa namba yake, kisha akaliingiza kwenye ukurasa alioutengeneza Godana mwenyewe. Marubani kule Malindi waliisoma orodha kwa njia ya simu kila alfajiri. Ombi lisilokuwa kwenye orodha halikufuatwa na helikopta.

Na ujumbe wa makosa ulikuwa umekwenda wapi? Wallahi, hakuna aliyeuiba. Mwezi Desemba wafadhili walisimama mbele ya kompyuta, ukurasa ukagoma, kioo kikajaa maandishi mekundu. Meneja Philemon alitahayari mbele ya wageni. "Uchafu huo nisiuone tena," alisema walipoondoka. "Hata ikiharibika, iseme asante."

Godana alikuwa mtu wa mkataba wa miezi mitatu, mkewe Amran ana mimba kubwa. Angebishana na nani? Aliandika mstari mmoja tu: litokee lolote, ukurasa ushukuru.

Kisha akatumwa Mombasa kununua modemu, barabara ikamezwa na maji, akakwama huko wiki mbili. Nyuma yake diski ikajaa. Kila ombi lililofika lilikosa pa kukaa, na mashine ikaendelea kushukuru kama mgeni aliyeshiba. Alirudi jana. Jambo la kwanza alishika redio kuulizia nyumbani, Golbanti. Amani tupu, wakamjibu.

Leo asubuhi mjomba wake, mzee Jaldesa, alikuwa amefika na wazee wawili, matope hadi kiunoni. Wakaketi mkekani karibu na mlango. Walisalimiana kama inavyopasa. Nagaa? Nagaa. Ng'ombe je? Amani. Watoto? Amani. Amran? Nagaa, mwanangu, amani. Kwa Waorma hata boma likiwaka moto, kwanza ni amani; shida hungoja mtu aketi na ale. Godana alidhani shida yao anaijua: mahindi. Njaa ikiingia, wajomba huongezeka.

"Kula kwanza," mzee alisema, akimsogezea sahani ya wali.

"Nikimaliza, mjomba. Kuna watu wananingoja."

"Acha wangoje. Wewe kula."

Hakula. Angekulaje? Alifuta mafaili ya zamani hadi diski ikapata nafasi. Akaung'oa ule mstari wa asante kwa hasira kama mtu anayeng'oa mwiba. Mahali pake akaweka mwingine: namba zifuatane, na ikirukwa hata moja, ukurasa useme waziwazi, kwa herufi nyekundu. Meneja akitaka amfukuze, na amfukuze.

"Nipe daftari, Kabibi. Tuyaingize yote upya. Helikopta inaruka kesho."

"Nitakusomea, kaka."

"Nipe tu, itakuwa haraka."

"Mwandiko wangu mbaya."

Mwandiko wa Kabibi ulikuwa mzuri kuliko wa taipu, lakini haukuwa wakati wa kubishana. Alisoma, Godana akachapa. Namba moja, namba mbili. Unga. Maturubai. Wazee watatu juu ya kichuguu, maji yamewazunguka.

"Ishirini na nane. Mtoto kaumwa na nyoka."

Vidole vya Godana vilisimama. "Huyu ikawaje?"

"Alizikwa Ijumaa."

Aliuficha uso kwa viganja. Roho ilimuuma, tena ilimuuma kweli. "Ile asante niliiandika mimi," alisema.

"Na mimi niliisoma hewani," Kabibi alisema. "Niliwaambia helikopta iko njiani. Wakaacha kutafuta mtumbwi."

Mlangoni mzee Jaldesa alikohoa. "Mwanangu, wali unapoa."

"Bado kidogo, mjomba. Soma, Kabibi."

"Ishirini na tisa. Kipini, dawa za malaria. Thelathini. Watu sitini kwenye shule, hawana maji ya kunywa." Kabibi aligeuza ukurasa. "Thelathini na mbili. Kipini tena, mablanketi."

Godana alibonyeza. Kioo kikawa chekundu.

KOSA: OMBI NAMBA 31 HALIPO.

Alicheka, mara yake ya kwanza siku hiyo. Alipiga meza kwa kofi. "Umeona? Sasa inasema! Umeruka moja, dada yangu, nayo imekushika!"

Kabibi hakuinua kichwa. Wale wazee watatu wa mkekani walisimama kwa pamoja.

"Tulitaka ule kwanza, mwanangu, ndipo tukupe mkono wa pole," alisema mzee Jaldesa.

Godana alinyoosha mkono, akalichukua daftari. Safari hii Kabibi aliliachia. Mwandiko ulikuwa safi, kila herufi mahali pake.

31. Golbanti. Amran, mke wa Godana. Uchungu siku ya pili, mtoto amelala vibaya. Helikopta ije leo. Jibu: Asante, ombi limepokelewa.