Viazi Vinono vya Mheshimiwa Nungunungu

Sikilizeni habari ya Nungunungu, aliyevuka mto akikimbia njaa ya kwao, viazi vikuu vitatu amevichomeka kwenye miiba. Hakuvila njiani. Alivipanda, na kila mwaka akapanda tena mwenyewe, mpaka nchi nzima ya ugenini ikashiba. Yule wenyeji waliyekuwa wakimwita wa kuja wakamfanya waziri wa kilimo.

"Shamba nakuachia," alimwambia jirani yake Ngiri. "Neno langu ni moja: vile vinono kuliko vyote msile. Vitunzeni."

"Nimesikia, Mheshimiwa."

Waziri akazama kwenye vikao. Kila mchana aliletewa sahani ya viazi vilivyokwisha menywa na kupikwa, vitamu ajabu. Akala, akanenepa, shamba asilikanyage tena.

Mvua ziliponyesha, akaenda kuzindua upanzi, akakuta ghala tupu.

"Ngiri, mbegu ziko wapi?"

"Mbegu gani, Mheshimiwa?"

"Vile vinono!"

Ngiri akamkodolea macho. "Si ndivyo ulivyokuwa unakula? Ulisema sisi tusile, tuvitunze. Hapa kwetu kitu kizuri ni cha mkubwa, tukajua unavitaka."

Nungunungu akajikung'uta miiba, labda kimesalia japo kipande. Hakikudondoka kitu.

"Sasa tutakula nini?" Ngiri akauliza.

Nungunungu alikuwa anatazama ng'ambo ya mto. Njaa ya kule ilianza hivihivi, na waziri wa kilimo wa kule alikuwa baba yake mzazi.